Siku Nilipomtajirisha Rukia

Mpaka leo nikipita mtaa wa Mkomani wapo wanaoniita Bwana Mdhamini, nami huwapungia mkono kama rais, maana nikijifanya kiziwi wataongeza sauti, na haya zote nilizokuwa nazo ziliisha siku ile mbele ya mwanamke wa Kimarekani.

Rukia ni mtoto wa dadangu, na dadangu huuza mahamri. Msichana alipata nafasi katika chuo kimoja Marekani, lakini karo yake hata ukoo mzima tuuze mahamri mpaka Kiyama hatuifikii, kwa hiyo ama chuo kimlipie au abaki Lamu. Mama mmoja wa ofisi ya misaada ya chuo hicho akaomba kuzungumza na familia kwa video. Na mjuzi wa Marekani ni nani? Ni mimi, niliyeacha shule kidato cha pili na kusomea mengine kwenye simu (na kwa wageni, ambao ukiwabebea mizigo hukusimulia maisha yao yote). Nilikuwa nimesoma kwamba Wamarekani hutaka kuona mdhamini mwenye uwezo. Kweli kabisa, ila hao ni watu wa viza. Habari za misaada zilikuwa chini zaidi, na simu iliishiwa chaji.

Sasa sisi hapa mgeni haonyeshwi dhiki. Hata bibi harusi asiye na dhahabu huazimwa na majirani, akakaa anameta, kesho yake kila mtu akachukua chake, na hakuna anayeuita huo uongo. Nikaona Rukia naye apambwe. Nilikuwa nalinda nyumba ya Mzungu kule Shela, yenye kidimbwi cha kuogelea, mwenyewe yuko Ulaya. Nikawapeleka Rukia na mamake huko, na Bi Zena, dada ya mamangu, akaja na dhahabu za mtaa mzima mkobani.

"Mjomba," Rukia akasema, "wanataka kuona tunavyoishi."

"Na wataona," nikamjibu.

Mama wa chuo akatokea kwenye simu, mpole, sweta yake imechakaa. Akaisifu nyumba. Badala ya kushukuru na kunyamaza nikamtembeza, kidimbwi, milango, vitanda vya kuchongwa, nikimweleza kila nakshi kwa Kiingereza cha kuongozea wageni, tukampitia na dadangu aliyeshindwa kuinua shingo kwa mikufu.

"Nyumba ni yenu?" akauliza.

"Ya familia," nikasema. (Ya familia gani, hakuuliza.)

Akatabasamu kwa furaha ya kweli. Akasema amefarijika, kwani waombaji ni wengi na fedha ni chache, na sasa fungu la Rukia litamfaa mwanafunzi mwenye shida.

Rukia akatafsiri polepole, anatazama sakafu. Ndipo Bi Zena, ambaye hajawahi kukiri mbele ya mtu hata kwamba sukari imekwisha, akasogea mpaka akajaa kwenye kioo cha simu.

"Mwambie hatuna kitu. Nyumba ni ya Mzungu, dhahabu ni za watu, na mwanamume huyu hajulikani kazi yake."

"Bi Zena, taratibu," nikasema.

"Mtoto haendi nti za watu kwa urongo. Tafsiri, mwanangu, na hilo la mwisho usilisahau."

Hakulisahau. Dadangu akaanza kuvua mikufu hapo hapo mbele ya kamera, bangili moja ikagoma, tukaomba radhi kwenda kutafuta sabuni.

Yule mama akataka uthibitisho kwamba mdhamini hana kitu. Nikapelekwa kwa chifu, ofisi imejaa, naye akauliza kwa sauti ya mnada wa samaki: "Shamba? Mashua? Punda? Mke?" Nikajibu sina, sina, mpaka watu wa kwenye benchi wakaanza kunijibia. Akapiga muhuri.

Chuo kilikubali, na Rukia yuko huko. Dadangu husema waliomsomesha ni Mungu, kisha chuo, kisha umaskini wangu, nami sibishi, kwani nani mwingine katika ukoo amechangia karo kwa kukaa bure? Lakini nimeapa, simu ya ng'ambo ikilia tena, nitawaachia wanaojua kusema hatuna.