Aya Isiyokuwamo Kitabuni

Kampuni niliyoitumikia ujana wangu wote ilianza na sufuria ya mama yangu, uani kwetu Kaole. Tajiri, ndiye mwanzilishi wake, alikuja kununua mafuta ya nazi ya nywele, akarudi, akarudi tena, mwisho akamchukua mama kiwandani Zinga awafundishe wanawake wengine. Baada ya mafuta yale zikaja sabuni, losheni, poda ya watoto na dawa ya meno. Leo kuanzia Miono hadi Dar hakuna duka lisilouza kitu chetu. Nasema "chetu" kwa mazoea tu.

Mama hakuwa na kipimo. Tui likichemka, alifumba macho akanusa, na kabla mashapo hayajaungua alishavuta kuni na kutia maua ya mlangilangi yanukie. Mashine zilipokuja alipewa mkono wa kwaheri na katoni ya sabuni. Hakulalamika. Mimi nikaajiriwa ofisini, nadhani akaona hayo ndiyo malipo yake.

Kampuni ilipotaka kijitabu cha historia yake, kazi nikapewa mimi. Meneja aliniambia wateja wa siku hizi hawataki habari za sufuria, wanataka maabara. Sikubisha. Nikaandika kwamba mafuta yetu ya kwanza yalipatikana baada ya utafiti wa kina wa mwanzilishi. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilimpelekea mama nakala. Alikuwa mgonjwa kitandani, akaipapasa karatasi ile laini kama mtu anayechagua kanga dukani.

"Nisomee pale nilipo mimi," akasema.

Nikamsomea aya ambayo haikuwamo. Niliitunga papo hapo: sufuria, kuni, macho yaliyofumbwa. Nikadhani yamekwisha. Lakini mama, kama wanawake wengi wa rika lake, hakujua herufi za shule. Alijua za chuo cha Kurani, na hata barua zake za Kiswahili aliziandika kwa herufi hizo za Kiarabu. Akaniomba nimwandikie aya ile kwa herufi zake, apate kuisoma mwenyewe. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto, lakini nikaandika, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wowote niliowahi kumwonyesha mwalimu.

Alisoma polepole, kidole kikitoka kulia kwenda kushoto. Alipofika mwisho akanitazama.

"Haya ya kufumba macho, watu wa kampuni wameambiwa na nani?"

"Na mimi, mama."

"Tajiri alikuwa akisimama nje, moshi ulimshinda. Hawa hawaijui habari hii, mwanangu." Hakupandisha sauti. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya msahafu wake. "Umeandika vizuri. Sasa kaiandike kule kitabuni."

"Inshallah, mama," nikamjibu. Ni neno jema, nami nililitumia vibaya.

Alifariki kabla mwezi haujaandama. Baadaye chapa ya pili ya kijitabu ilipita mikononi mwangu. Nikasahihisha nukta na mikato, nikairudisha kwa meneja kama ilivyokuwa.

Sasa nimestaafu. Kila Alhamisi jioni nafungua msahafu wa mama nimsomee Yasini, na karatasi ile huniangukia mapajani. Huisoma kwanza, maana aya ile mpaka leo haijaandikwa mahali pengine popote.