Kikohozi Getini

Muthoki alikuwa nesi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja mjini Kajiado, na kazi tuliyomwachia sisi wenzake ni ile ya kuwainua wazee. Kabla mgonjwa mzee hajaruhusiwa kwenda nyumbani, Muthoki alimwambia ainuke kitini bila kushika kitu, atembee hadi dirishani, ageuke, arudi akae. Halafu alimpa vidole avibane. Daktari alitaka kujua jambo moja tu: huyu akienda kwake atajichotea maji na kujipikia, au ataanguka? Maana ugonjwa unaweza kupona na mwili ukabaki hauna kitu.

Wengi walishindwa. Walilia, na watoto wao wakatutukana. Muthoki aliwarudisha kitandani, akawafunika, akaita mwingine. Mimi nilikuwa nikienda kulia chooni. Siku moja nilimuuliza kama haoni uchungu, akanijibu kwamba zamani alikuwa anaona. Alikuwa akikunja shuka, na hakuacha kukunja.

Mwaka wa 2001 aliletwa hapo mama yake, Mukai, akiwa na nimonia. Alitoka Loitokitok, alikoishi peke yake na shamba lake la nyanya, na tangu siku ya kwanza hakuwa na wimbo mwingine ila kurudi kwake. Dawa zilimsaidia. Siku ya kutoka, Muthoki alisema hawezi kumpima mama yake mzazi, kwa hivyo nikapewa mimi.

Mume wa Muthoki, Kaloki, dereva wa lori la simiti, alikuwa amefika mapema na pikapu ya kuazima ili ampeleke. Alisimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi, akiangalia ukuta. Kwa Wakamba, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na mama hapaswi kuonekana na mkwe wake akiwa amelegea. Sisi Wakikuyu pia tuna haya hiyo, lakini mama yangu mimi alikuwa akimtuma mume wangu chumvi dukani, basi sikuiwazia kabisa.

Mukai aliinuka kama msichana. Alikaza leso kiunoni, akaenda dirishani, akageuka, akarudi, akakaa bila hata kuhema. Nilifurahi kweli. Daktari Macharia akasema aende nyumbani.

"Kaloki, hebu toka nje kidogo," Muthoki akasema. Mlango ulipofungwa akanigeukia. "Waceke, rudia."

Nilikasirika, kwa sababu nilidhani ananionyesha sijui kazi. Nikarudia hivyo hivyo. Safari hii Mukai alisukuma mikono ya kiti, akafika nusu, magoti yakatetemeka, akakaa. Alijaribu tena, akakaa tena. Nilipompa vidole vyangu, sikujua kama amevibana au ameviweka tu.

Akamtazama bintiye. Alisema kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie.

"Ile ya kwanza ingenifikisha kwangu."

"Ingekufikisha, Mwaitu," Muthoki akamjibu, kwa jina hilo la mama katika Kikamba. "Na kesho yake?"

Hakurudi Loitokitok. Shamba likachukuliwa na jirani. Kaloki alimjengea chumba cha mabati kwenye ploti yao Kitengela, na kwa vile ploti yenyewe ni kaukanda tu, mlango wa mama ukatazamana na geti. Wakapata njia yao. Kaloki akifika alikohoa getini, akangoja, mama akainuka kufunga mlango wake, ndipo akapita. Hakuna aliyewafundisha.

Muthoki aliniambia hana haja tena ya kumpima mama yake. Akiwa jikoni alisikia kikohozi, kisha alisikiliza mlango. Mwanzoni ulifungwa mara moja. Baadaye Kaloki akawa anasoma gazeti lote nje kama mtu anayengoja kinyozi. Nilicheka. Muthoki alikunywa chai yake tu. Nilimhurumia, na pia nilimwogopa kidogo.

Jumapili moja, mwaka wa pili, tulitoka kanisani pamoja nikaenda kula kwao. Kaloki alikohoa getini. Tukangoja. Mlango wa mama ulikuwa wazi, na ndani tuliona giza tu. Kaloki akakohoa tena, kwa sauti zaidi, kisha akageuka akatazama barabara.

Muthoki alinipa Biblia yake nimshikie, akaingia kwa mama yake. Tulimsikia akimwambia ainuke, mara mbili, na mara zote mbili kitanda kikalia. Alipotoka uso wake ulikuwa ule ule wa wodini. Aliuvuta mlango polepole, akaufunga vizuri kwa nje, akajaribu kama umeshika.

Kisha akamwambia mume wake sasa anaweza kupita.