Rudia Hapo, Mwanangu

Juzi nilikuwa nasubiri maandazi kwa mama mmoja hapa Mkomaindo. Simu yake ameiegemeza kwenye kopo la unga, ameiweka kwenye spika, na binti yake anamsomea kitabu kutoka kijijini Chilangala, anakolelewa na bibi yake.

"Ukimaliza ukurasa, bibi anakupa korosho za kuchoma," mama alimwambia.

Mtoto akasoma mbio mbio, kama mtu aliyekwisha kusikia harufu ya korosho: "Kuku wetu ametaga mayai."

"Rudia hapo, mwanangu."

Akarudia, sawasawa kabisa. Mama akaiinamia simu, andazi linaanza kuungua.

"Tena. Polepole."

"Mama, kwani nimekosea wapi?"

"We rudia tu."

Siku hizi watu tunabishana sana kama mtoto anayejisomea nyumbani apewe zawadi, asifiwe tu, au akazaniwe arudie rudie. Mimi ni wa upande wa kumsifu, si kumchosha, na mdomo wangu haujui kutulia.

"Dada, mbona mtoto hajakosea?"

Akajifuta unga kwenye khanga, bila kunitazama.

"Najua. Akimaliza, anakata simu."