Bibi Aliyekula kwa Kifaransa

Sitaki kujifanya mtu mwema katika habari hii, kwa hiyo niseme mapema: nilimwonea wivu mwanamke mwenzangu kwa sababu ya lugha. Si mume, si gari, si nyumba mpya kule Katy, mji wa pembeni mwa Houston. Lugha. Tena lugha ambayo sikuwa nimewahi kuitamani maishani mwangu.

Mwaka wa 2017 nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba moja ya wazee huko Missouri City, nje kidogo ya Houston. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, leo yuko Dallas, kesho hajulikani aliko, na mimi siku zangu zilikuwa za kuogesha, kuvisha, kulisha na kugeuza watu vitandani. Ni kazi ambayo Wakenya wengi tunaifanya huku, ila tukipiga simu nyumbani tunaisimulia kidogo sana. Mimi niliipenda kwa sababu ya Bibi.

Bibi alikuwa anakaribia miaka tisini, mwanamke mdogo wa mwili, Mmarekani mweupe mzaliwa wa Louisiana, jimbo la jirani, kwenye vijiji vya kando ya mabwawa. Kumbukumbu zilikuwa zikimtoka moja moja. Hakujua ni mwaka gani, hakujua rais ni nani, na siku nyingine hakumjua hata mwanawe, mwanamume wa makamo aliyeendesha gari kila Jumapili kutoka Katy kuja kumwona. Shida yake kubwa ilikuwa kula. Alifunga meno. Wenzangu walijaribu wakashindwa, muuguzi mkuu akajaribu akamwagiwa maziwa. Mimi peke yangu ndiye niliyemweza. Nilimwimbia kwa sauti ya chini nyimbo za kanisani kwetu, nikamwambia "pole pole, Bibi," na kinywa kikafunguka. Uzito wake ulipopanda kidogo, muuguzi mkuu alinisifu mbele ya zamu nzima. Jumapili hiyo nilijigamba kanisani kwamba kuna Mmarekani mmoja ambaye bila mimi hali chakula.

Asubuhi jikoni walituletea kitu wanachokiita grits. Ni uji wa mahindi, waseme watakavyo. Na nani kwetu anakunywa uji usio na sukari? Nilitia vijiko viwili, nikaongeza maziwa, nikamlisha. Kila siku Bibi alikunja uso kidogo, kisha akameza. Nikadhani ni uzee.

Mwaka uliofuata akaja yule mama. Alikuwa Mkongo wa Kivu, amekaa kambini Burundi miaka mingi kabla ya kuletwa Texas, amefanya kazi ghalani na hotelini kabla ya kupata cheti cha kutunza wazee. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao na changu cha kwetu, lakini tulielewana, nami siku ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa kuniletea mtu wa kupiga naye porojo. Nilimwonyesha mashuka yanakaa wapi, nani anauma, nani anapiga teke. Nilipomfikisha kwa Bibi nilisimama mlangoni kama mwenye duka.

"Huyu ni wangu," nikamwambia. "Usi-worry akikukataa. Anakula na mimi tu."

Yule mama aliinama kumfunika Bibi miguu. Ana tabia ya kunong'ona akifanya kazi, na sijui alinong'ona nini, neno moja au mawili ya Kifaransa, ya kujisemea tu. Bibi akageuza kichwa, akasema kitu. Yule mama akasimama wima, akanitazama mimi, akamtazama Bibi, akamjibu. Basi wakaanza. Mwaka mzima nilikuwa nimezoea kumsikia Bibi akitoa maneno matatu manne ya Kiingereza kwa siku, na sasa alikuwa akimimina habari nzima, mikono inakwenda huku na huku, anacheka mpaka meno ya bandia yanacheza. Mimi nimeshika beseni, na maji yanapoa.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Anauliza mie niko mutoto ya nani. Nikamwambia mie natoka Bukavu. Anasema haijue ile kijiji, lakini batu ya pale iko bazuri." Kisha akasita. "Na anasema, pardon dada, anasema ile uji iko na sukari mingi. Kwao banatiaka chumvi na beurre. Anasema anavumiliaka tu, juu weye uko mutu muzuri."

Chumvi na siagi. Mwaka mzima nilikuwa nikimlisha yule mzee adhabu, na yeye ananihurumia mimi! Nilicheka kwa sauti ili nisionekane nimeumia.

Tangu siku hiyo Bibi alikula na yule mama. Nikiingia mimi na sahani, alinitazama kwa adabu, kama mtu anayengoja mgeni aage. Walisali rozari pamoja kwa Kifaransa, maana wote wawili ni Wakatoliki, na mimi Mprotestanti nikikunja mataulo pembeni. Kumbe haikuishia kwa Bibi. Mpishi wetu alikuwa wa Haiti, na mfanya usafi alikuwa baba mmoja wa Ivory Coast, na nilipoingia chumba cha mapumziko niliwakuta wote watatu wamekaa meza moja, wanaongea na kugongana viganja. Haiti, Abidjan, Bukavu, na Bibi wa Louisiana chumba cha mbele. Watu ambao mababu zao hawakuwahi kuonana walikuwa wamekutana Texas kama watu wa ukoo mmoja. Mimi nina Kikamba, nina Kiswahili, nina Kiingereza cha kufaulu mtihani, na nilikula ndizi yangu nikiwa nimeelekea ukutani. Nilikuwa nimelelewa nikiamini kwamba mtu akijua Kiingereza amemaliza safari. Hakuna aliyeniambia kwamba kulikuwa na safari nyingine, iliyopita baharini na shuleni na kanisani, ikazunguka dunia na kuniacha nje.

Husemwa hasidi hana sababu. Mimi sababu nilikuwa nayo, ilikuwa ndogo na ya aibu: nilikuwa mtu wa maana mahali pamoja tu katika nchi hii, kando ya kitanda kile, na sasa nafasi yangu ilikuwa na mwenyewe mwingine.

Kulikuwa na sheria ukutani kwamba mbele ya wazee tuongee Kiingereza pekee. Hakuna aliyeijali, mimi wa kwanza, maana Kiswahili nilikipiga kutwa. Lakini Jumatano moja nilimfuata muuguzi mkuu ofisini, nikafunga mlango. Nilimwambia kwamba kuna mtu anaongea lugha ya kwao mbele ya mgonjwa, kwamba familia inaweza kudhani tunamsengenya mama yao, kwamba mimi sisemi kwa ubaya. Nilisema hivyo kweli, sisemi kwa ubaya. Alinishukuru. Kesho yake, kwenye mkutano mfupi wa asubuhi, alitukumbusha sheria sote, akiwa anamtazama yule mama.

Yule mama hakubisha. Mtu aliyeishi kambini miaka kumi na kitu habishani na ofisi. Aliitikia "yes, ma'am" na kushusha macho. Mimi siku hiyo nilimletea mandazi kutoka nyumbani, ya moto, nimeyafunga kwa karatasi. Sikuwa nimewahi kumletea chochote.

Tuliingia kwa Bibi pamoja kumgeuza. Bibi alipomwona, uso ulimng'aa, akaanza hadithi yake kwa Kifaransa. Yule mama akaweka kidole mdomoni. Taratibu, kwa upole, kama unavyomnyamazisha mtoto kanisani. "English, Mama," akasema. "Only English."

Bibi alinyamaza. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, na nikaona anatoka pale alipo na kwenda mbali sana. Halafu akatoa mikono chini ya blanketi, akainyoosha mbele yetu, viganja vikiangalia juu, vidole vimebanana. Akafumba macho.

Yule mama alidhani anaomba kitu, akatafuta glasi ya maji. Mimi nilijua. Hakuna Mkenya wa umri wangu asiyejua mikono ile. Shuleni kwetu Ukambani kulikuwa na kipande cha mbao kilichotobolewa tundu na kutiwa kamba, tukikiita diski. Ukikamatwa ukiongea Kikamba unavishwa shingoni, na njia ya kukivua ilikuwa moja tu: umnase mwenzako akisema neno, ukamshtaki, umvishe yeye. Atakayekuwa nacho jioni ndiye anayechapwa viganjani. Nilikuwa hodari sana wa kukivua. Nilijificha nyuma ya choo nikiwasikiliza rafiki zangu. Sasa nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto, nimevuka bahari, na bado nilikuwa nimenyemelea, nikasikiliza, nikamvisha mtu.

Nikamshika Bibi viganja vyote viwili nikavifunga. Nilimwambia sorry kwa Kiingereza, nikamwambia pole kwa Kiswahili. Hakufumbua macho. Siku tatu zilizofuata hakula kwa yeyote, wala kwangu.

Jumapili mwanawe alipokuja nilimuuliza. Alisema kijijini kwao Louisiana lugha ya nyumbani ilikuwa Kifaransa, na mama yake alianza shule akiwa hajui hata neno moja la Kiingereza, na mwalimu alikuwa na rula kwa ajili ya watoto wa Kifaransa. Ndiyo maana hakumfundisha yeye. "Alitaka nisipigwe," akasema, huku sahani ya mama yake ikiwa imejaa vilevile.

Nilimfuata yule mama kwenye maegesho ya magari baada ya zamu. Jua la Houston lilikuwa bado kali, lami inanuka. Nikamwambia bila kuzungusha: "Ni mimi nilikushtaki. Nili-report mimi."

"Minajua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Mandazi." Alifungua mlango wa gari ili joto litoke. "Dada, kwetu ku masomo, masista balitufunga mufupa ku shingo juu ya kusema Kiswahili. Balitupiga ili tuseme Kifaransa. Na huyu mumama, balimupiga ili aache Kifaransa. Kile balinipatia mie kwa fimbo, njo kile balimunyanganya yeye kwa fimbo." Alitikisa kichwa. "Halafu weye unaona wivu. Wivu ya nini? Kama ni kuchapwa, hata weye ulichapwa."

Nililia. Na niseme ukweli, hata nilipokuwa nikilia pale kwenye lami, sehemu yangu moja ilikuwa ikiwaza kwamba yeye alichapwa akapata Bibi, mimi nilichapwa nikapata nini?

Kesho yake tulikwenda kwa muuguzi mkuu tukiwa watatu, mimi, yeye na mwana wa Bibi aliyechelewa kazini kwa ajili hiyo. Nilisema mbele yao kwamba nilishtaki kwa wivu. Muuguzi mkuu alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, wala hajanisifu tena tangu hapo. Mwana akaandika barua kwamba mama yake aongeleshwe Kifaransa na yeyote akijuaye, barua ikabandikwa juu ya kitanda. Ilichukua wiki mbili kabla ya Bibi kuamini kwamba hatapigwa, akiishi kwa maziwa ya kunywa kwa mrija tu. Wiki mbili yule mama alikaa kando yake akimnong'oneza, na mimi nikapita koridoni nikitega sikio nisikie iwapo kijiko kimegonga sahani.

Hatimaye alikula. Mimi nilihamishiwa upande mwingine wa jengo, kwa ombi langu mwenyewe, maana sikuweza kuwatazama. Nilimwomba Mungu aniondolee ule wivu, hakuuondoa. Kitu kimoja kilinikaa rohoni: sikuwahi kumwomba Bibi msamaha kwa lugha yake mwenyewe. Ningeweza kumtuma yule mama wakati wowote. Sikumtuma. Kiburi.

Ikafika 2020 na korona ikaingia. Milango ikafungwa, mwana wa Bibi akawa anapunga mkono nje ya dirisha. Mwezi wa nne yule mama akaugua, akafungiwa chumbani kwake nyumbani, na Bibi akafunga meno tena. Siku ya pili muuguzi mkuu alinijia, bila kunitazama vizuri, akaniambia nirudi upande ule.

Niliingia nimevaa barakoa, ngao ya plastiki usoni, glavu na joho la karatasi. Nilijaribu kuimba. Nilijaribu chumvi na siagi. Hakuna. Basi nikampigia simu yule mama, nikaiweka simu juu ya mto wa kulalia, kando ya sikio la Bibi, nikafungua spika. Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na kikohozi, lakini alipoanza tu Kifaransa, Bibi alifumbua macho, akajibu. Waliongea. Mimi nilishika kijiko hewani nikingoja, mhudumu wa watu wawili.

Kisha Bibi akanitazama, akauliza kitu kifupi.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Haina kitu, dada."

"Niambie."

Alikohoa kwanza. "Anauliza, nani huyu iko ananilisha."

Miaka mitatu. Nilisimama pale nyuma ya plastiki yangu, na nikamchukia yule mgonjwa simuni kwa dakika nzima, mtu ambaye huenda angekufa wiki hiyo.

"Nimujibu nini?" akauliza.

Nilifikiri kusema mengi ya kujisifu. Halafu nikasema, "Mwambie ni mimi niliyemkatazia lugha yake. Mwambie nilikuona wivu wewe. Mwambie naomba anisamehe."

"Vyote?"

"Vyote."

Akaongea taratibu, anakatizwa na kikohozi, anaendelea. Hata msamaha wangu ilibidi upitie kinywani mwake, na hilo nalo lilinichoma. Sikuelewa neno hata moja. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, macho yake kwangu. Kisha akafungua kinywa, akangoja kijiko.