Mashine ya Kupanda Mkarafuu

Khairat Msabah alikuwa darasa la sita siku baba yake alipoanguka kutoka juu ya mkarafuu. Mzee Msabah alikuwa mchumaji hodari katika mashamba ya karibu na Kizimbani. Tawi alilolikanyaga lilikatika, naye akaangukia mgongo. Hakufa, lakini miguu haikumtii tena, na tangu hapo anageuzwa kitandani na wanawe asiote vidonda.

Khairat akasomea kompyuta, akapata kazi katika duka la kutengeneza kompyuta Mkunazini, Mji Mkongwe. Hapo dukani ndipo aliposoma habari za mfumo endeshi wa roboti unaotolewa bure. Programu hiyo imeandikwa na maelfu ya watu duniani, wala haikufichwa. Anayetaka anaipakua, anaisoma mstari kwa mstari, anaibadilisha apendavyo. Ndiyo inayoziunganisha kamera, mota na vihisi vya roboti vipate kusemezana. Wenzake walipoiona walizungumzia magari yanayojiendesha. Khairat aliwaza mikarafuu.

Ilimchukua miaka minne kuunda mashine ya kuipanda. Mashine ilikuwa na makucha mawili ya chuma yaliyokumbatia shina kwa zamu: la chini likishika, la juu linaachia na kupanda. Juu yake ulikuwa mkono wa kukatia vichala vya karafuu. Yote ilikuwa kilo kumi na nane. Aliyemsaidia kuijaribu ni Ubwa, mtoto wa shangazi yake, mchumaji, ambaye kila msimu alipanda miti ile ile iliyomvunja mjomba wake.

"Hii ikishazoea," Ubwa alimwambia akicheka, "mimi nnakaa chini nnakunywa chai."

Wiki mbili kabla ya msimu, likatokea tangazo kwenye ukurasa wa watengenezaji wa programu ile. Mtu mmoja alikuwa amegundua kosa: kompyuta ya roboti ikipata joto kali, taarifa za vihisi huchelewa, na programu huipokea taarifa ya zamani ikaidhania mpya. Toleo jipya lilikuwa limeshasahihishwa. Khairat alilisoma tangazo lote. Akajaribu kuliweka lile toleo jipya, lakini kompyuta ndogo ya mashine yake ikalikataa. Ingembidi aandike upya nusu ya kazi yake. Akasema moyoni, msimu ukiisha. Mashine ilikuwa imepanda mara arubaini bila ya tatizo.

Mara ya arubaini na tatu ilikuwa adhuhuri, jua kali. Kucha la chini liliteleza, na programu bado inasoma kwamba limeshika. Ikaliamuru la juu liachie, na mashine nzima ikaanza kuporomoka. Ubwa alikuwa chini ya mti, ameinama, anaokota karafuu zilizoangukia nje ya turubali.

"Ubwa!" Khairat alipiga kelele.

"Naam," akaitika, akainua uso.

Alifariki kabla hawajafika hospitali.

Polisi waliichukua mashine. Siku ya tatu, baada ya hitima, akaja sheha, kiongozi wa mtaa, na daftari lake.

"Umeitengeneza wewe?"

"Vyuma mimi. Programu wameandika wengi."

"Wangapi?"

"Sijui, sheha. Maelfu."

"Na nani anayejibu kwa niaba yao?"

"Hayupo. Wameshaandika tangu mwanzo kuwa wanaitoa kama ilivyo, bila ya dhamana. Anayeitumia, juu yake."

Sheha akafunga daftari. "Basi ni ajali."

Kila aliyekuja kumpa pole alilitumia neno hilo, na Khairat angeweza kujifunika nalo maisha yake yote. Aliyemkatalia ni Bi Sichana, mama yake Ubwa. Khairat alipokwenda kumtazama, alimkuta kakaa ukumbini peke yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa." Kisha akasema, "Wananambia kudra, nami siikatai. Lakini wewe umesoma. Nambie, ilikuwa haijulikani kuwa itaanguka?"

Khairat aliinamisha kichwa. "Kosa lilijulikana. Nililisoma mwenyewe, wiki mbili kabla ya msimu. Nikasema nitalirekebisha ukiisha."

"Na yeye ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Angejua, asingeinama pale." Bi Sichana akashika ukuta, akainuka, akaingia chumbani akafunga mlango. Hajasema na Khairat hadi leo. Zamani kila Ijumaa alikuwa akija kumkanda kaka yake miguu. Sasa haji. Mzee Msabah hakumlaumu binti yake ila kwa neno moja tu: "Mimi sikukutuma."

Khairat aliandika yote kwenye ukurasa wa watengenezaji: saa, joto, toleo la programu, na kwamba aliyekufa ni Ubwa, umri wake miaka thelathini na mbili. Baada ya siku chache msimamizi akalifuta jina na umri, akaeleza kwa adabu kuwa ukurasa ule ni wa makosa ya programu. Khairat akalirudisha jina. Likafutwa tena. Alipoliandika mara ya tatu, hawakuligusa. Labda walichoka, labda kuna aliyeona haya. Hajui, wala hajauliza.