Sauti ya King'ora cha Changamwe

Uhuru ulikuwa bado, na shule yetu ya mabati pale Changamwe haikuwa na kinanda. Mchana nilifundisha hesabu. Jioni nilifundisha kwaya ya watu wazima: wafanyakazi wa matangi ya mafuta, vibarua wa reli, wake zao, na mama mmoja aliyeuza mahamri kwenye lango la kiwanda, mwenye alto, ile sauti ya chini ya wanawake, ambayo sijapata kuisikia tena kwa mtu mwingine. Chuoni walikuwa wamenifundisha kuandika muziki wa sauti nne kwa nota, na sikujifunza kazi ile ili nikae nikinakili nyimbo za watu. Nilikuwa mtunzi. Nilisema hivyo waziwazi, na waliocheka niliwaacha wacheke.

Shida ya kwaya isiyo na kinanda ni mahali pa kuanzia. Sisi tulikuwa na king'ora. Kiwanda cha jirani kilikipiga jioni kuwatoa watu kazini, kwa mvuke, sauti moja nene iliyonyooka, na kabla haijazimika besi wangu, wanaume wa sauti nzito, walikuwa wameshaidaka. Mazoezi yakaanzia hapo kila siku ya kazi. Nilipotunga kazi yangu kubwa, juu ya asubuhi ya Changamwe, niliianzisha kwa sauti hiyo na kuimaliza kwa sauti hiyo hiyo. Ndani yake mlikuwa na malori, na wanawake wa bombani wakigombea zamu, na teno, wanaume wa sauti ya juu, waliopokezana maneno kama watu wanaoitana ng'ambo ya barabara.

Tukaipeleka kwenye mashindano ya muziki kisiwani. Tulivuka maji pale Makupa juu ya lori, wanawake wamefunika sare zao kwa leso zisishike vumbi. Siku ile nilikuwa na haja moja tu, na wala si kombe: nilitaka isikike ukumbini kwamba kazi ile ina mtunzi.

Tukapanda jukwaani. Mtangazaji akasoma: kwaya ya Changamwe, wimbo wa kienyeji. Damu ilinichemka. Kwaya iliyotutangulia ilikuwa imeimba kazi ya Mjerumani aliyekufa zamani, na jina lake lilisomwa lote bila kurukwa. Sisi tulionekana watu ambao nyimbo huwaotea uani kama magugu. Nilimwendea mtangazaji nikamwambia mtunzi ni mimi. Akanijibu tusiwacheleweshe watu.

Mpiga kinanda wa ukumbi akatupatia sauti ya kuanzia. Besi wangu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaanza na yao, ile ya king'ora. Ukumbi ukacheka. Mwamuzi, Mzungu mrefu aliyejua Kiswahili vizuri, akagonga kengele yake na sisi tukanyamaza. Akaja mwenyewe kwenye kinanda, akabonyeza kibao kimoja, akabonyeza na cha jirani yake. Sauti yetu ilikuwa katikati ya vibao hivyo viwili, mahali ambapo kinanda hakina kitu.

"Mwalimu, watu wako wameanza mahali pasipokuwapo."

"Wameanza pale wanapoanza kila siku, bwana. Tuachie tuimbe bila kinanda. Tukimaliza, upime tena."

Alinitazama, kisha akaketi pale pale kwenye kinanda. Kila mwalimu wa kwaya anajua kwamba watu wakiimba peke yao kazi ndefu, sauti hushuka kidogo kidogo, na mwisho hujikuta chini ya pale walipoanzia. Nilikuwa nimejitia kitanzi mwenyewe. Nikainua mikono.

Sitajitia unyenyekevu: waliimba vizuri mno. Waliokuwa wakicheka waliacha malori yalipoingia, na wanawake wa bombani walipoanza kugombana hapakuwa na aliyekohoa. Tulipofika kwenye sauti ya mwisho niliwaashiria waishikilie. Mwamuzi akabonyeza kibao cha chini, kisha cha juu. Tulikuwa bado katikati, pale pale. Akarudia, kana kwamba kinanda ndicho kilichomdanganya. Nilijivuna siku ile, na hadi leo nikikumbuka najivuna.

Akasimama, akawauliza wanakwaya, "Wimbo huu wa kienyeji mmeupata kwa wazee wa wapi?"

Nilifungua kinywa, lakini yule mama wa mahamri alikuwa ameshatoka mstarini.

"Hatukuupata kwa wazee, bwana. Umetungwa. Mtunzi ni mwalimu wetu huyu, na sisi tulikuwapo akiutunga."

Kombe walipewa wengine baadaye, na haikunikosesha usingizi. Maana mwamuzi alimgeukia mtangazaji, akamwambia atutangaze upya, ipasavyo. Ikambidi yule bwana anisogelee aniulize naitwa nani. Nilimtajia polepole, jina langu na la baba yangu, naye akarudi mbele ya watu akayasoma yote mawili.