Udongo Laini wa Akoth

Mvua ilipokatika na jua kuchomoza tena, ndipo tulipoisikia: ndu! Kisha kimya, kisha ndu! nyingine. Ilikuwa sauti ya ukingo wa korongo ukianguka nyuma ya boma letu, kule chini ya Awasi, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mama aliacha kupepeta mtama, akaweka ungo chini, akatoka kwenda kuangalia kilichobaki. Si shamba lililompeleka. Alikwenda kumwangalia dada yangu Akoth, tuliyemzika nje ya ua wa minyaa, kati yetu na lile korongo.

Akoth alikuwa kifungua mimba wa Mama. Malaria ilimchukua akiwa msichana mkubwa, hajaolewa, na kwetu binti wa namna hiyo hazikwi ndani ya boma. Mama aliomba weee. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno lilikuwa la Baba Mdogo, nduguye, naye alisema, "Mama Akoth, mila ni mila. Atakaa hapo nje, karibu tu." Sasa ona ardhi yenyewe ilivyokuwa. Ndani ya boma, alikolala Baba, udongo ulikuwa mweusi wa mfinyanzi, ule unaoganda kwenye jembe na kuvua watu viatu. Kiangazi ulipasuka nyufa, lakini ukipata maji ulijifunga, ukashikamana. Nje ya ua, mteremko ulipoanza, ulibadilika ghafla ukawa wa kijivu, laini kama unga wa muhogo, ukiusugua vidoleni husikii hata punje. Ukilowa, unayeyuka. Hata nyasi hazikuwa na pa kushika, na ile njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni, tuliyozoea kuiruka tukicheza, ndiyo iliyochimbika hadi ikawa korongo. Wachimba kaburi waliufurahia udongo ule. Niliwasikia wakitaniana kwamba Akoth amewahurumia, kazi imekwisha kabla chai haijachemka. Mama naye aliwasikia.

Msimu ule wa mvua Mama alipanda mkonge kando ya ukingo, mimi nikimbebea miche, mikono ikituwasha. Mkonge ulishika vizuri. Kilichotoka ni udongo wa chini yake, hata mimea ikabaki ikining'inia kwa mizizi, na kila mvua ililisogeza korongo karibu na kaburi. Mama akaenda kwa Baba Mdogo, akamkuta anakunywa uji, akamsihi Akoth ahamishwe, aletwe ndani kwenye udongo mweusi. "Wafu hawahamishwi kama viazi," alijibu. "Tungoje mavuno, wazee wakae." Mavuno! Nilimchukia, na sioni sababu ya kuficha, bado namchukia kidogo.

Mavuno hayakufika. Mvua kubwa ilishuka kutoka milima ya Nandi, na ilipokatika tulisikia mshindo mmoja mzito ulioogofya hata mbuzi. Tulipotoka tulikuta ua umesimama, na nje ya ua hakuna kitu. Msalaba wa kaburi haukuwepo. Mama alifuata korongo mpaka mto Nyando, akiita jina la Akoth, nami nikimfuata nikilia kwa hofu, tukakuta maji mazito, rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda zake ziwani. Tuliporudi Baba Mdogo alikuwa amesimama kwenye ukingo, kofia mkononi. Mama hakupiga kelele. Alimuuliza tu, "Sasa amefika nje ya kutosha?"

Leo Mama anaishi nami mjini, mtaa wa Migosi. Hapa kuna saruji mpaka getini, watoto wangu hawajui ardhi inayoanguka, lakini mvua ikikatika mimi bado nanyamaza nikisubiri ndu! Maji tunaletewa kwa mkokoteni kutoka ziwa lilelile linalopokea mto Nyando, na wakati wa mvua huwa na rangi ileile. Nikiyaacha yatulie kwenye ndoo, chini hubaki udongo wa kijivu, laini, usio na punje. Mara ya kwanza nilitaka kuumwaga mtaroni. Mama alinishika mkono, akaninyang'anya ndoo. Tangu hapo huukomba kwa kikombe, akaupeleka kwenye kipande kidogo cha ardhi kilichobaki kando ya mlango, ndani ya geti, akaushindilia kwa kiganja. Mvua ikianza kudondoka, hukimbia na karai kuufunika.